Safari isiyo ya msiba wala harusi

Mama mkwe wangu aliposhuka kutoka Kibosho, mlimani Kilimanjaro, kuja kukaa na watoto, aliliona begi letu mlangoni, akaketi bila kuvua viatu, akauliza kwa sauti ya chini: "Nani amefariki?" Tukamwambia hakuna msiba. "Kuna harusi?" Hakuna harusi. Tukamweleza kwamba tunashuka Pangani, mji wa pwani huko Tanga, tutalala siku mbili, kwa kuwa ndoa yetu imetimiza miaka 15. Alinyamaza kidogo, akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Pangani mna ndugu gani, wanangu?"

Nimelifikiria sana swali lile tangu siku hiyo, kwa sababu lina haki yake. Nilijaribu kuhesabu safari nilizofunga na mke wangu tangu tuoane, sisi wawili bila watoto. Nikapata misiba ya Dar es Salaam, harusi za Arusha na Same, mahafali moja ya Dodoma, na ugonjwa wa shemeji. Basi tulipanda pamoja na viti vilikuwa vya jirani, lakini tukishafika yeye alielekea jikoni kwa kina mama, mimi nikaketi chini ya turubai na wanaume, tukaonana tena siku ya kurudi tukiwa tumechoka. Katika miaka 15 hatukuwa na safari hata moja ya kulala nje ambayo sababu yake ilikuwa sisi.

Sidhani kama hali hii ni yetu peke yetu. Naandika nikiwa Moshi, na wengi ninaowafahamu hapa na Arusha wanaishi hivyo hivyo. Kumbukumbu ya ndoa ama inasahaulika, ama inageuzwa kuwa mkutano. Naamini tunaikosea. Siku ya harusi ilikuwa ya ukoo, na ilistahili kuwa hivyo. Siku ya kukumbuka ndoa ni ya watu wawili, na watu wawili hawawezi kuipata mahali ambapo kila mtu anawajua na kila kitu kinawadai. Wanahitaji umbali. Na kwa sisi wa mlimani, umbali unaofaa kuliko wote ni ule unaoishia baharini.

Nianze na harusi yenyewe, maana ndiko mazoea yalikoanzia. Kila anayeishi huku anaijua kamati ya harusi: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kadi za mchango, vikao vya Jumapili jioni, ahadi zinazosomwa kwa sauti mbele ya wote. Kuna kicheni pati, kuna sendofu, kuna ukumbi, mpiga picha, msafara wa magari, keki, na ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, anayeingizwa akiwa amesimama kwa miguu yake minne na majani mdomoni. Harusi ikishapita, kamati inavunjwa, na kuvunja kamati nako kuna sherehe yake. Sina neno baya juu ya haya. Bila michango ya majirani na wafanyakazi wenzangu nisingeoa mwaka ule. Watu walinibeba, na bado nawabeba wengine kila kadi inapofika dukani.

Ila kamati ikishavunjwa, hakuna kinachobaki cha kuilea ndoa iliyozaliwa. Hata sheria yetu imekaa hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu kwa maisha yao yote. Inataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa kufungwa, ili mwenye pingamizi aseme. Inazuia kuomba talaka kabla ya miaka miwili kupita, isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama. Na kabla shauri la talaka halijafika mahakamani, kwa kawaida wanandoa hupitia kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa. Lango la kuingilia lina walinzi, la kutokea lina walinzi. Katikati, ambako watu wanaishi miaka 20, 30, 40, wameachwa na akili zao. Siilaumu sheria, kwani sheria haiwezi kuwapeleka watu matembezi. Nasema tu kwamba eneo la katikati ni letu wenyewe, na tumeliacha pori.

Mtu ataniambia: mbona tunafanya jubilei? Kweli tunafanya. Miaka 25 ni ya fedha, 50 ni ya dhahabu, na kanisani huku Kilimanjaro ibada ya shukrani ya wanandoa waliofika huko hutoa machozi hata kwa wasiolia. Nazipenda ibada hizo. Lakini tazama kinachofuata baada ya ibada: kamati imeundwa upya, kadi zimetembezwa upya, sare zimeshonwa, na wale wawili wameketi jukwaani mbali na kila mtu wakipokea zawadi. Wamerudishwa kwenye harusi. Kinachosherehekewa ni kwamba hawakuachana. Kama bado wanazungumza, hakuna anayeuliza.

Nasema hivi nikiwa nimepita njia hiyo. Tulipotimiza miaka 10 tuliandaa sherehe nyumbani, watu wapatao 80. Kulikuwa na keki, kulikuwa na mshereheshaji aliyetuamuru tulishane, tukalishana, watu wakapiga makofi. Usiku ule mimi na mke wangu hatukubadilishana maneno mawili yasiyohusu soda, viti au wageni wa kutoka mbali. Asubuhi yake aliyetupikia alikuja kudai nyongeza ambayo hatukukubaliana, nikailipa kimyakimya kwa fedha za ada. Mke wangu aligundua wiki mbili baadaye. Tuligombana kwa siku nne, na ugomvi huo ndio ninaoukumbuka zaidi kutoka sherehe ya miaka 10 ya upendo wetu.

Halafu kuna suala la tarehe, ambalo kwa watu wa Kilimanjaro ni zito kuliko linavyoonekana. Harusi nyingi za huku hufungwa Desemba. Sababu inajulikana: mwezi huo ndugu wa Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya na kwingineko wote wanapanda nyumbani, na ni nafuu kuoa wakiwa wamekwisha kufika kuliko kuwaita mara mbili. Ni hesabu nzuri kwa harusi. Kwa kumbukumbu ya harusi ni hesabu mbaya mno. Maana yake ni kwamba kila mwaka, siku ile ile ambayo mngetakiwa kuwa wawili, nyumba imejaa. Sisi tunaoishi Moshi Desemba hatusafiri, sisi ndio wenyeji. Tunatandika magodoro sebuleni, tunachinja, tunapokea, tunasindikiza. Tarehe 27 Desemba, siku yetu, mara kadhaa nimekumbuka saa nne usiku, nikiwa nimeshika tochi naelekeza gari la mgeni kugeuza nje ya geti. Mke wangu alikuwa jikoni. Hatukupeana hata mkono.

Ndiyo maana tuliamua kuihamisha sherehe. Tarehe ya ndoa imebaki ilipo. Tunasali asubuhi, tunashukuru, tunaendelea na wageni. Lakini kuadhimisha tunaadhimisha Februari. Wapo walioona ni kama kudanganya. Mimi naona tumemwiga mkulima. Mvua ikichelewa, anahamisha siku ya kupanda, mbegu haitupi. Desemba wageni, Januari ada na sare za shule, kwa hiyo Februari ndio mwezi wa kwanza ambao mtu anapumua.

Na Februari ina hoja nyingine: ndio kiangazi chetu. Mvua za vuli zimekwisha, masika hayajaanza, na Moshi mjini joto linasimama pale pale bila upepo mpaka mabati yanalia. Pwani nako ni joto, nisimdanganye mtu, tena joto lenye unyevunyevu. Ila kule kuna upepo wa kaskazi unaotoka baharini, na unapokaribia kulegea kuelekea Machi bahari inatulia na maji yanakuwa maangavu. Anayekwenda Juni au Julai akidhani kila mwezi wa bahari ni sawa atakutana na kusi, upepo wenye nguvu, na mawimbi ambayo mtu wa mlimani hana kazi nayo. Angalizo moja la kalenda: kuna miaka Kwaresima na Ramadhani huangukia Februari. Mwaka 2026 zote mbili zilianza wiki moja. Mwenye kufunga afunge, na asiyefunga akumbuke kwamba miji ya pwani mchana wa Ramadhani haili hadharani, mgeni naye afuate ya wenyeji. Futari ya jioni itamlipa.

Kwa wenzetu wa Arusha hesabu ni tofauti kidogo, na nawafikiria sana hao. Mji ule unalisha maelfu ya familia kwa kuwasafirisha watu wengine kwenda kusherehekea ndoa zao. Wageni wanatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, wanazungushwa Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, kisha wanapandishwa ndege kwenda kumalizia Zanzibar. Dereva anayewapeleka uwanjani anazijua fukwe za Nungwi na Paje kwa majina, anajua maji yanajaa saa ngapi, anajua chumba kipi kina dirisha la baharini. Muulize kama yeye na mkewe wamewahi kulala hata siku moja pwani, bila msiba. Nimewauliza kadhaa. Jibu limekuwa lile lile: msimu haukuruhusu. Ni kweli, Februari wao wako porini, nyumbu wanazaa kusini mwa Serengeti na magari yamejaa. Kwao nadhani siku nzuri ni zile chache za Machi kabla masika hayajashika, au Novemba, kazi zinapopungua. Wanaouza mapumziko ndio wanaoyakosa, na wake zao wanakosa pamoja nao.

Kuna pingamizi ambalo nimelisikia mara nyingi, kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Sikubaliani nalo hata kidogo. Lugha yetu ina neno fungate. Kwa Waswahili wa pwani hizo ni siku saba za mwanzo wa ndoa, bwana na bibi harusi wakiachwa ndani peke yao, wanapikiwa, wanatumikiwa, hawaulizwi lolote. Watu waliokuwa na akili ya kutenga siku saba kwa ajili ya wawili hawakufundishwa na mtu kwamba ndoa inahitaji faragha. Tulichofanya sisi ni kuipokea harusi kubwa na kuiacha fungate njiani. Wengi wetu tulirudi kazini Jumatatu. Mimi nilifungua duka la pembejeo Jumanne, na mke wangu, ambaye ni muuguzi, aliingia zamu ya usiku Jumatano.

Basi tukaenda. Alhamisi alfajiri tulipanda basi la Tanga. Barabara inapita Himo, Mwanga, Same, Hedaru, Mombo, Korogwe. Milima ya Upare inakusindikiza kushoto, kisha Usambara inapokea zamu. Pale Segera wa Dar es Salaam wanaendelea na njia yao, wa Tanga wanakata kushoto kuelekea Hale na Muheza. Kwa jumla ni kama kilomita 350. Mashamba ya mkonge yanaanza, mistari na mistari, na hewa inakuwa nzito puani. Mke wangu alilala mpaka Korogwe. Alipoamka alisema ndoto yake ilikuwa ya kazini.

Njia nzima tulikuwa tunasafiri na mto, ingawa ilinichukua muda kuligundua hilo. Karanga, unaopita hapa Moshi, huingia Weruweru. Weruweru na Kikafu huishia Kikuletwa, unaobeba pia maji ya Meru kutoka upande wa Arusha. Kikuletwa na Ruvu hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo unaitwa Pangani, na unateremka kandokando ya Upare na Usambara mpaka baharini. Njiani unafanyishwa kazi mara tatu: megawati 8 pale Nyumba ya Mungu, 21 pale Hale, 68 pale maporomoko ya Pangani. Mbali na hapo kuna mifereji yote ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, kuna mashamba ya mpunga, miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, mifugo. Kinachofika mjini Pangani ni maji yaliyokwisha kumtumikia kila mtu.

Tulisimama kwenye gati jioni ile ile tukisubiri kivuko. Mto ni mpana pale, wa rangi ya chai ya maziwa, na ukiangalia kule unakoingia baharini unauona mstari kabisa: upande huu kahawia, upande ule kijani, na povu jembamba katikati. Mwenyeji mmoja alitusihi tusiogelee karibu na mdomo wa mto kwa sababu mkondo huvuta. Mke wangu hakuwa anamsikiliza. Aliegemea kizuizi, akanyoosha kidole kwenye ule upande wa kahawia, akasema: "Haya yametoka kwetu." Kisha akaniita kwa jina langu.

Inabidi nieleze. Nyumbani tunaitana kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, mimi Baba Fulani, yeye Mama Fulani. Ni heshima, na naipenda heshima hiyo, maana kila unapoitwa unakumbushwa umezaa. Lakini ilikuwa imepita miaka mingapi sijalisikia jina langu kinywani mwake? Sikumbuki. Alilitamka kana kwamba analijaribu kama bado linafanya kazi, nami nikageuka haraka kama mtu aliyeitwa na mwalimu.

Jambo hilo dogo ndilo lililonifanya nione kwa nini mahali ni muhimu. Nyumbani sisi si wawili. Sisi ni baba na mama, shemeji na wifi, mjumbe wa kikundi, mzee wa kanisa, mwenye duka anayekopesha mbolea, muuguzi anayegongewa saa nane usiku na jirani mwenye mtoto mgonjwa. Kila kazi kati ya hizo ni njema. Ila zikijumlishwa hazimwachi mtu. Na hakuna haja ya kudanganyana kwamba unaweza kulivua gunia hilo ukiwa hapo hapo. Tuliwahi kujaribu kutoka kwa siku moja tu, tukaenda Chemka kwenye maji ya uvuguvugu. Kabla hatujakaa chini tulikuta mteja wangu anayedaiwa, na mke wangu akakutana na mgonjwa wake wa wodini akitaka kuonyesha kidonda kilivyopona. Hatukukasirika. Tulirudi nyumbani tukiwa tumefanya kazi.

Bahari inasaidia kwa namna nyingine pia. Mlimani kila kitu kinakuelekeza pa kufanya kazi: mgomba unataka kupogolewa, ng'ombe wa ndani anataka majani, mfereji unataka kuzibuliwa. Ufukweni mtu wa Kibosho hana cha kufanya. Hajui kuvua, hajui kutweka tanga la ngalawa, hata kuogelea hajui. Sisi wawili wote hatujui kuogelea. Mke wangu alisimama maji yakiwa ya magoti, ameikamata kanga kwa mikono miwili, na kila wimbi lilipokuja alinishika mkono, likipita akauachia. Nilimtazama miguu. Nyayo zake zina nyufa, za miaka ya kusimama wodini na miaka ya shamba, na maji ya chumvi yalimwasha, akawa anacheka na kulalamika kwa pamoja. Ni mwanamke anayejua kila kitu nyumbani kwetu. Pale hakujua chochote, wala mimi. Watu wawili wasiojua kitu kwa pamoja wanalazimika kushikana.

Kwa yeyote atakayekwenda, aangalie mwezi kabla ya kukata tiketi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele karibu dakika 50 kila siku. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua: bahari inajaa sana, kisha inapwa na kwenda mbali mno, unabaki na tope na mawe. Katikati ya hapo ni maji mafu, ambayo hayapandi sana wala kushuka sana. Sisi tulifika wakati wa bamvua bila kujua, na Ijumaa asubuhi tuliamka tukakuta bahari haipo. Kwa anayetaka kuoga, ni hasara. Kwa anayetaka kwenda Maziwe, ni faida, kwa kuwa kisiwa hicho cha mchanga kinaonekana maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Kimehifadhiwa tangu 1975. Zamani kilikuwa na miti na kasa walitaga hapo kwa wingi. Leo hakina mti hata mmoja. Tulichangia boti na wenzetu watano, tukatembea juu ya mchanga ambao saa chache baadaye usingekuwapo.

Lakini kilichonipeleka Pangani kilikuwa mfukoni mwa begi. Kabla ya kuondoka nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, nikalifunga fundo, nikalikunja ndani ya kitambaa. Wachaga wanaelewa. Anayepelekewa isale hakatai kusamehe. Mwaka uliotangulia nilimkopesha rafiki fedha nyingi bila kumwambia mke wangu, fedha ambazo tulikuwa tunaziweka kwa ajili ya bati, na hazikurudi. Alijua, nami nilijua kwamba anajua. Miezi minane tulikuwa tunaongea vizuri kabisa kuhusu kila kitu isipokuwa hicho. Nyumbani ningemwendea mzee, mzee angeita kikao, kikao kingekula mchana mzima, na aibu yangu ingefika sokoni Mbuyuni kabla ya jioni. Kikao kina mahali pake, siidharau mila. Ila kosa hilo lilikuwa la watu wawili.

Usiku wa kwanza sikuweza. Nataka hili lieleweke kwa wanaodhani kulala siku moja kunatosha. Usiku wa kwanza mwili umefika, akili bado iko Moshi. Tulikula wali wa nazi na changu wa kukaanga, tukazungumza kuhusu watoto, ng'ombe, na kama bibi ataweza kuwasha jiko la gesi. Halafu mazungumzo yakaisha. Tukakaa kimya kirefu, kimya cha watu ambao wamekuwa wakizungumza kupitia mambo na sasa mambo hayapo. Kilinitisha. Niliwaza, kumbe ndio hali tuliyofikia? Ijumaa jioni, baada ya kutoka Maziwe, mazungumzo yalianza yenyewe. Aliniuliza kama namkumbuka mwalimu wetu wa kwaya. Kutoka hapo tukaenda mbali. Maji yalipokuwa yanarudi, nikatoa kitambaa. Alilitambua kabla sijalifungua. Alilishika isale lililonyauka kwa joto la basi, akalinyoosha juu ya paja kwa kiganja, tena na tena, kama anavyonyoosha shuka la mgonjwa. Aliyoniambia baada ya hapo ni ya kwetu.

Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walikuwa wanaongelea kupokea wageni, lakini naona kipimo hicho kinafaa hata hapa. Siku moja ni fupi mno. Siku ya tatu jembe lenyewe linakuita, na ni vizuri likuite. Sitaki kuishi ufukweni. Jumamosi tulirudi, Jumapili tulikuwa ibadani kwenye benchi letu.

Fedha. Najua msomaji amekuwa akiisubiri. Hatukukopa na hatukuchangisha. Tuna kibubu cha bati, na kila Jumapili baada ya ibada kila mmoja wetu hutumbukiza shilingi 5,000. Kwa mwaka ni 520,000. Tulilala nyumba ya wageni ya kawaida yenye feni na chandarua, tulipanda mabasi, tulikula wanapokula watu wa pale, na tulirudi na chenji. Ipo familia ambayo 5,000 ya Jumapili ni chakula cha Jumatatu, na siwezi kuwaambia waiache. Lakini wengi wetu tunaolalamika kwamba hakuna fedha tunatoa kwa mwaka zaidi ya hiyo kuchangia mianzo ya ndoa za wengine. Mimi bado natoa. Nimeamua tu kwamba ndoa yangu nayo iwe na kadi moja katika bahasha hizo, kila mwaka, hata ikiwa ndogo.

Watoto nao wana sehemu yao. Nilikuwa na hofu kwamba watajiona wameachwa. Binti yetu wa pili, mwenye miaka 11, alimwuliza bibi yake tukiwa hatupo kama baba na mama wameenda "kuchumbiana tena". Bibi hakujua ajibu nini, kwa hiyo alitupigia simu. Tuliisikia ile sauti yake ya Kibosho ikitoka kwenye spika, upepo ukiipeperusha, akiuliza swali la mjukuu kwa uangalifu kama anayesoma barua ya serikali. Mke wangu akajibu: "Mwambie ndiyo, Mama."

Tulipofika nyumbani Jumamosi jioni watoto walikuja kupokea mizigo getini, bibi amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Mke wangu aliniita nimsaidie kikapu cha madafu. Aliniita kwa jina langu, mbele ya watu wote, kwa mazoea ya siku mbili tu. Watoto wakasimama, wakatazamana. Mama mkwe akaushusha mwiko, akamwangalia binti yake kwa muda, kisha akauliza huko Pangani samaki wanauzwaje.